Pumzi Tano

Kabla ya adhana, Sikujua alisikia kucha. Kwaru, kwaru, kwaru. Zikanyamaza kidogo, kisha zikaanza tena. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya panya anayetafuna pembe ya mkeka, lakini yeye aliijua. Upande wa pili wa ukuta wa udongo mwanawe Asmani alikuwa anajikuna. Tangu macho yake yalipogeuka manjano ngozi ilimwasha bila kupumzika, na mikono yake ilikuwa imejaa michubuko.

Sikujua aliinuka, akachovya kitambaa kwenye mtungi wa maji ya ziwa uliolala nje, akakikamua. Akazunguka nyumba miguu mitupu. Alipofika mlango wa mbele hakubisha. Alikohoa tu.

Mwavita, mke wa mwanawe, alifungua mlango upana wa kiganja.

"Ni mimi," Sikujua alisema. "Nimeleta kitambaa. Maji iko baridi."

"Lete."

"Ningemfuta mgongo tu, mwanangu. Mara moja."

"Lete, Mama. Nitamfuta mimi."

Kitambaa kikapita kwenye ule upenyo, na mlango ukarudi mahali pake. Ilikuwa siku ya sita sasa. Ukuta wa chumba kile Sikujua aliukandika kwa mikono yake mwenyewe, mwaka Asmani alipooa, lakini siku sita alikuwa hajakanyaga ndani. Hakufukuzwa kwa kelele. Mwavita alimwambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, huku ameshika beseni lenye maji ya kidonda: "Mama, usiingie tena mule." Kelele ingekuwa afadhali, maana mtu mwenye kelele huchoka.

Sikujua alikuwa muchomaji, mtu wa kutibu kwa chuma cha moto. Kutoka pale kwao Gatete mpaka Kizuka watu walimletea watoto wenye bandama iliyovimba na wanawake wenye migongo isiyoinama. Chuma chake kilikuwa msumari wa mtumbwi, kichwa kimepondwa kikawa bapa kama kifungo cha koti. Alikipasha moto juu ya maganda ya mawese, kwa sababu maganda yanatunza joto bila moshi mwingi. Asmani alipoota kitu kigumu chini ya mbavu za kulia, kitu kilichokua kila mwezi mpaka kikamzuia kuinamia cherehani yake, yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Mama, nichome." Sikujua akamchoma alama tatu, palepale juu ya uvimbe. Alama mbili zilikauka. Ya katikati ilizama, ikatunga usaha, ikaanza kunuka.

Alhamisi iliyopita walipompeleka hospitali ya Rumonge, daktari Mzungu aliitazama ile alama muda mrefu. Akasema inawezekana ndani ya ini kuna jipu. Kama ni jipu, sindano ndefu ingeingia, ingevuta usaha wote, na mtu angeinuka. Alikuwa ameona watu wakiinuka siku ya pili na kuomba chakula. Lakini sindano haiwezi kupita kwenye nyama iliyooza. Ingepeleka uchafu ndani. Wangojee kidonda kikauke.

Tena daktari huyo alikuwa akija mara moja kwa wiki kutoka mji wa Usumbura, na alikuwa anafunga mizigo yake. Jumapili nchi ingekuwa huru, naye angerudi kwao. Ilibaki Alhamisi moja tu, na hiyo Alhamisi ilikuwa kesho.

Kwaru, kwaru, upande wa pili wa ukuta. Kisha pakawa kimya, na Sikujua akajua kitambaa kimefika mgongoni.

*

Saa sita mchana Mwavita alikuwa kwenye baraza, anakanyaga cherehani ya mumewe. Mbele yake palikuwa na vitambaa vyekundu, vyeupe na kijani, vya watoto wa shule, na binti yake Bora miongoni mwao, kuvaa kifuani siku ya Jumapili. Hakuwa fundi. Aliweza kushona mshono ulionyooka, na ule wa kwenye pembe ulimtoa jasho.

Amissi, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese aliyetoa kazi ile, alikuja akasimama juani ingawa kivuli kilikuwepo.

"Amahoro, Mama Bora."

"Amahoro. Karibu kivulini."

"Hapa iko sawa." Alitazama viatu vyake. "Nimekuja kwa vile vitambaa."

"Kesho jioni vitakuwa tayari. Vimebaki kidogo."

"Si hivyo. Nataka kuvichukua sasa. Vyote."

Mguu wa Mwavita ukasimama juu ya kanyagio.

"Kwa nini?"

"Watu wanasema. Wazazi. Watoto watavivaa kifuani, na ndani ya nyumba iko mutu wa manjano."

"Manjano hairuki kwenye nguo, Amissi. Hata muganga Sylvestre wa hospitali alisema."

"Mimi najua. Ni wao."

"Basi waambie."

"Nimewaambia, Mama Bora. Haki ya Mungu nimewaambia."

Mwavita alivuta kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akaanza kukunja. Alikunja vilivyokwisha na visivyokwisha, akavinyoosha kwa kiganja kama anavipiga pasi. Nyuma ya nyumba, alikokuwa anavunja kokwa, Sikujua alisikia kila neno, na jiwe likabaki hewani mkononi mwake.

Ndipo sauti ya Asmani ikatoka ndani, nyembamba, lakini bado sauti ya fundi.

"Amissi! Ile nyekundu inachuja. Mwambie atakayeshona asiiloweshe pamoja na nyeupe. Itaharibu zote."

Amissi, aliyekuwa amekwisha kuubeba ule mzigo, aliushusha kutoka begani, kana kwamba umekuwa mzito ghafla.

"Ndiyo, fundi," alisema. "Nitamwambia."

*

Sylvestre, muganga wa hospitali, alifika kwa baiskeli baada ya kazi. Aliingia kwa mgonjwa, akakaa kitambo, akatoka. Badala ya kupanda baiskeli alizunguka nyuma ya nyumba.

"Amahoro, mama mzee."

"Amahoro, Muganga. Kidonda?"

"Bado mubichi."

Sikujua aliweka jiwe chini. Sylvestre alivuta kinu kilichopinduliwa, akakikalia, na hilo Sikujua aliliona. Siku zile watu wengi waliongea naye wamesimama.

"Muganga, nitakuambia kitu. Mama yangu aliyenifundisha kazi hii aliniambia, mutu wa damu yako usimuchome. Mupeleke kwa mwingine. Na mimi nilifuata. Asmani alipokuwa mtoto, akivimba bandama, nilimpeleka kwa muchomaji wa Kizuka."

"Safari hii hukumpeleka."

"Yule wa Kizuka alikufa. Nikasema, nitaweza." Aliangalia vidole vyake. "Muchomaji anahesabu kwa pumzi zake. Kwa kila mutu mimi nahesabu pumzi tatu, kisha natoa chuma. Mtoto akilia sana, mbili. Asmani hakulia. Alinitazama tu, na macho yale ya manjano. Nikajisemea, moto ufike. Ufike mpaka kule ndani, umalize. Zile za pembeni nilihesabu tatu. Ya katikati nilihesabu tano."

Kwenye pembe ya nyumba Mwavita alikuwa amesimama na beseni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alimwaga maji kwenye mgomba, akarudi alikotoka.

"Kesho uje hospitali," Sylvestre alisema.

"Mimi? Mwenye nyumba hataki hata niingie chumbani."

"Sijaongea na mwenye nyumba. Naongea na wewe. Umeligusa lile ini tangu lini?"

"Tangu Ramadani. Kila siku, mpaka nilipokatazwa."

"Basi uje," alisema, akafuta vumbi la kinu kwenye suruali yake.

*

Asubuhi ya Alhamisi walimbeba Asmani katika ngobyi, kitanda cha kufumwa ambacho majirani humchukulia mgonjwa mabegani. Wanaume watatu walifika mapema. Wa nne alichelewa, na walipokuwa wanabishana nani aende kumwita, Amissi alitokea njiani. Alivua viatu vyake, akavifunga kwa kamba, akavitundika shingoni, kisha akaweka bega chini ya mti wa nyuma, upande mzito. Mwavita alimwona. Hakumsalimia, lakini alipowapa wabebaji maji ya kunywa alimpa na yeye.

Sikujua alitembea mbali nyuma yao, kama mtu anayefuata msiba usio wake.

Hospitalini walimlaza Asmani ndani, wanawake wakabaki nje kwenye benchi. Mfagiaji aliyekuwa mlangoni alimtambua mama mzee.

"Hee! Si ndiye huyu muchomaji? Bibi, leo umekuja kutuchomea nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mmoja akaficha mtoto wake nyuma ya kanga, kwa mzaha, na kicheko kikaongezeka. Sikujua aliinuka kwenye benchi, akakaa chini, kwenye udongo, mgongo kwa ukuta. Mwavita hakucheka. Hakumtetea pia. Alitazama mlango.

Ndani daktari alifunua kidonda. Alikuwa mtu wa mvi, aliyekaa Kongo miaka mingi kabla ya kuja huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo.

"Hapa hapana," alisema. "Bado."

"Dokteri, pembeni je?" Sylvestre aliuliza.

Daktari alibonyeza mbavuni, pembeni, nyuma. Kila mahali Asmani alisema panauma.

"Kila pahali. Sasa mimi nipige wapi? Nikipiga bila kujua, naweza kupasua mushipa, na hapa hatuna damu ya kumpa." Alivuta shuka juu. "Pole, fundi."

Sylvestre alikuwa hajawahi kumbishia Mzungu huyu, na Mzungu huyu alikuwa anaondoka keshokutwa.

"Dokteri, mama yake iko nje. Ameshika hili ini miezi minne. Anajua pahali."

"Yule aliyemuchoma?"

"Ndiyo. Yule."

Daktari alitazama saa yake, kisha akatazama mbavu zilizokuwa zinapanda na kushuka chini ya shuka.

"Mwite. Na mke wake pia, amushike mabega."

Kwenye ndoo ya mlangoni Sylvestre mwenyewe alimmiminia Sikujua maji, akampa sabuni, akamwonyesha kuosha mpaka viwiko. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Sikujua alijua kwamba maji ya vuguvugu hayaji yenyewe. Mtu ameyatia moto.

Alipoingia, Asmani aligeuza kichwa.

"Mama. Ulikuwa wapi siku hizi?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta, baba."

Mwavita aliinamisha macho.

Sikujua alifumba macho yake. Alianza mbali, chini ya kwapa, akashuka ubavu mmoja mmoja kwa vidole viwili, polepole. Alipita juu ya uvimbe bila kubonyeza, akaenda pembeni, akarudi nyuma kidogo, akasimama katikati ya mbavu mbili. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Pumzi ya Asmani ikakatika.

"Hapa," alisema. "Mahali pengine panalia tu. Hapa panaitika."

Daktari aliweka kidole chake pale pale, akabonyeza, akasubiri. Uso wake ukabadilika. Akapaka dawa ya zambarau. Ngozi pale ilikuwa nzima, haijaguswa na chuma.

Sindano ilikuwa ndefu, kama ya kushonea magunia. Asmani aliitazama.

"Dokteri, hiyo ni namba ngapi?"

"Namba gani?"

"Sisi mafundi sindano zetu zina namba. Hiyo naona ni ya kushona turubai."

Sylvestre alicheka, na mkono wa Mwavita ukalegea kidogo begani kwa mumewe. Sikujua aliweka kiganja kwenye kichwa cha mwanawe. Wote mule walijua walichokuwa wanakisubiri. Ukitoka usaha, mzito, wa rangi ya udongo, mtu huyu ataishi.

Sindano ikaingia. Daktari akavuta. Hakuna kitu. Akaisukuma ndani kidogo, akavuta tena.

Ikaja damu, nyekundu, tupu.

Akageuza mwelekeo, mara moja, taratibu sana. Paji lake lilikuwa limelowa. Damu tena. Akaichomoa sindano, akabonyeza pamba, na kwa muda hakuinua kichwa.

*

Daktari alitoka nje akakaa kwenye benchi ile ya wagonjwa, katikati ya wale wanawake wawili waliokwisha kutoka. Mfagiaji aliacha kufagia.

"Si jipu," alisema. "Ni nyama imeota ndani ya ini. Ngumu. Inaitwa kanseri. Sina dawa yake. Usumbura hawana. Nitawapa ya maumivu."

Mwavita alikaza kanga tumboni. "Siku ngapi, Dokteri?"

"Wiki. Labda miezi miwili." Kisha akamgeukia Sikujua. "Mama, sikia vizuri. Hata bila kile kidonda ingekuwa hivi hivi. Wiki iliyopita ningepiga sindano, ningeona damu hii hii. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Si wewe."

"Nimesikia, Dokteri. Asante. Murakoze."

Sikujua hakuwa amemaliza. Alikuwa anageuza kitu kichwani, kama anavyogeuza chuma juu ya maganda.

"Dokteri, sindano yako imefika pale penye ugonjwa?"

"Imefika. Wewe ndiye ulionyesha."

"Sasa mimi nauliza. Chuma changu iko moto, lakini kinaishia kwa ngozi. Sindano yako inafika ndani, lakini iko baridi. Haiwezekani ile sindano ipate moto, kule kwenye ncha peke yake, ichome ile nyama, halafu itoke?"

Mfagiaji aliguna kicheko. Daktari alimtazama mara moja tu, na fagio likaanza kazi tena.

"Simjui mutu anayefanya hivyo, Mama," alisema polepole. "Moto ungechoma na pale pazima. Mutu angejuaje umefika wapi? Angejuaje wakati wa kutoa?"

"Angehesabu pumzi," alisema Sikujua. "Tatu. Na asiwe mama yake."

Daktari alichukua mkono wa Sikujua, ule uliokuwa bado unanuka sabuni, akaushika kwa mikono yake miwili. Kisha akaingia ndani kutafuta dawa ya maumivu.

*

Walifika nyumbani alasiri. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imefichwa na ukungu wa joto, na upande wa shule watu walikuwa wanajaribu ngoma za Jumapili. Wabebaji walimwingiza Asmani chumbani. Sikujua alifika mpaka kizingitini, akasimama, kisha akazunguka nyumba kwenda chumbani kwake, kama alivyozoea.

Alikaa kitandani. Kwaru, kwaru, kwaru.

Alikuwa anachovya kitambaa kwenye mtungi alipoona kivuli mlangoni. Mwavita hakuwa amefika mlangoni pake tangu Alhamisi ile.

"Mama."

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakileta."

Mwavita hakukaa. Alishika mwimo wa mlango.

"Siku ile unamchoma, mimi ndiye nilimshika mabega."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasikia pumzi zako. Najua unahesabu tatu. Hata Bora umemuchoma bandama kwa tatu. Ilipofika nne nilijua. Ningeweza kusema, Mama, toa." Aliukaza mkono pale kwenye mwimo. "Nilinyamaza. Nilitaka moto ufike, kama wewe. Halafu nikakufungia wewe mlango."

Sikujua alikamua kitambaa. Maji yalidondoka kwenye mtungi, tone kwa tone, mpaka yakaisha.

"Twende tumfute," alisema.

Wakaingia pamoja. Mwavita alimgeuza mumewe upande, Sikujua akaanza kwenye kisogo, akashuka na uti wa mgongo, akapanda tena, bila haraka. Kitambaa kikipata joto Mwavita alikichovya, akakirudisha. Kucha za Asmani zikalegea juu ya mkeka.

Bora, binti yao wa miaka saba, aliingia mbio kutoka shuleni, na kifuani amevaa utepe wa sikukuu. Nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyeupe, ikawa waridi yenye mabaka.

Asmani alifungua jicho moja.

"Niliwaambia inachuja," alisema.

Mwavita alicheka, mkono mdomoni, na cheko likamgeukia likawa kitu kingine, akatoka nje kidogo. Aliporudi Asmani alikuwa amelala, kinywa wazi, mikono imetulia. Sikujua alitandaza kitambaa kwenye ukingo wa beseni ili kikauke, akainuka kwa kushika goti. Mtungi wake ulikuwa umebaki na maji kidogo; ingebidi ashuke ziwani kabla jua halijazama.

Alipofika mlangoni Mwavita alimfuata.

"Mama."

"Eh."

"Kesho uje tena. Na usikohoe hapa nje. Ingia."